Kitabu cha Mosi Katika Nchi ya Kiangazi

Wasomaji wengi wa rika langu wanamfahamu Robin Wall Kimmerer kwa kitabu kimoja, Braiding Sweetgrass cha mwaka 2013, kile ambacho watu hukipiga picha kando ya kikombe cha kahawa na kukitupia Instagram. Mimi nataka kuzungumzia kilichotangulia. Gathering Moss kilichapishwa mwaka 2003 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kikapata Medali ya John Burroughs mwaka 2005, na kwa maoni yangu ndicho bora kati ya hivyo viwili. Ni mkusanyo wa insha fupi kuhusu mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Nimekisoma mara mbili, zote nikiwa Nyantakara, wilayani Biharamulo: mara ya kwanza wakati wa masika, mara ya pili mwezi Agosti. Kama ningeishia usomaji wa masika, makala haya yangekuwa sifa tupu.

Tuanze na jina. Darasani tunaiita mosi, neno la Kiingereza tulilolivalisha irabu, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kama lina undugu na Jumamosi. Lipo pia neno kuvumwani, ambalo nimelikuta likitumika kwa mosi na wakati huohuo kwa laikeni, yale mabaka makavu ya kijivu yanayong'ang'ania magome na miamba. Kwa laikeni jina hilo limekaa sawasawa, kwa sababu laikeni kweli ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mke na mume. Mosi si kuvu na si mwani. Ni mmea kamili wenye shina na majani, ila hauna mizizi ya kweli, hauna mirija ya kupandishia maji, hautoi ua wala mbegu. Unywaji wake wa maji ni wa mwili mzima. Jani lake kwa kawaida lina unene wa seli moja tu.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba Kiswahili ni maskini. Kimmerer mwenyewe anaeleza kwamba mosi nyingi hazina jina la kawaida hata kwa Kiingereza. Zina jina la Kilatini tu, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuzipa lingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wenye Kiingereza nao hawakuinama sana. Kimmerer aliinama. Yeye ni mwanabotania, profesa katika chuo cha sayansi ya mazingira na misitu cha jimbo la New York kilichopo Syracuse, na ni raia wa taifa la Potawatomi, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Kitabu chake kinasimama kwa miguu hiyo miwili, na karibu kila ninachokisifu na kila ninachokilalamikia kinatokana na jinsi anavyouhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Insha iliyonishika mapema ni ile ya faida za kuwa mdogo. Inaanza na fizikia. Upepo ukipita juu ya kitu chochote, jiwe, gogo au paa, hewa inayogusana na kitu hicho hupungua mwendo, na ile iliyo karibu kabisa karibu isimame. Tabaka hilo la hewa tulivu lina unene wa milimita chache tu. Ndani yake kuna joto zaidi, unyevu hauondoki upesi, na gogo linalooza huongeza kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo chakula cha mmea. Mti hauwezi kuishi humo kwa sababu ni mrefu. Mosi huishi humo. Yaani ufupi wake si upungufu wa kushindwa kurefuka, ni anwani. Sijawahi kuona mwandishi akiieleza fizikia kwa upole namna hiyo bila kuipotosha, na nimeshaisoma insha hiyo kwa sauti mbele ya wanafunzi, nikitafsiri papo kwa papo, mara tatu.

Baada ya hapo tulitoka kwenda barabarani. Kuna kalvati hapa kijijini ambalo maji ya mvua hupita chini yake, na pembeni mwa zege, kwenye nyufa zilizojaa vumbi, imeota mosi moja ambayo Kimmerer naye anaieleza katika insha yake juu ya mosi za mjini: Bryum argenteum. Shina lake mara nyingi halifiki sentimita moja. Majani yake yamelaliana kama magamba ya samaki, na nusu ya juu ya kila jani haina klorofili, kwa hiyo ukiitazama kwa jua la saa tatu asubuhi inang'aa kama fedha iliyofifia. Hilo neno argenteum maana yake ni hilo, fedha. Ni mmea wa pembezoni mwa binadamu: nyufa za lami, paa, kuta, mahali penye vumbi, mkojo wa ng'ombe na nyayo. Husambaa kwa spora, ila zaidi kwa vipande vyake vidogo na vichipukizi vinavyokatika na kushika kwenye soli za viatu. Imepatikana katika miji ya karibu mabara yote, na imepatikana Antaktika. Ikiwa uko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, inawezekana uliikanyaga leo.

Nilipokisoma kitabu tena Agosti, kalvati lilikuwa kavu, majani ya miombo yamedondoka, na moshi wa kuchoma pori ulikuwa umetanda kuelekea Lusahunga. Ile mosi ilikuwa ukoko wa kijivu. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi kitabu hiki kilivyojaa maji. Ziwa la Cranberry katika milima ya Adirondack, ambako Kimmerer amefundisha majira mengi ya kiangazi, kinamasi, mto Kickapoo kule Wisconsin, misitu ya mvua ya Oregon. Hata pale anapoandika juu ya ukame, katika insha nzuri kuhusu mosi ya Oregon iitwayo Dendroalsia inayojikunja wakati wa kiangazi, msomaji anajua kwamba mvua ziko njiani na zitafika kwa wakati. Sayansi anayoieleza hapo ni ya kweli hata kwetu: mosi ikikauka haifi, seli zake hunywea, sukari na protini hulinda vilivyomo, na maji yakirudi ukarabati huanza mara moja. Mwagia ule ukoko kikombe kimoja cha maji, utauona ukifunguka na kurudi ukijani kabla hujamaliza kuwaeleza wanafunzi kinachotokea. Lakini moto wa kila mwaka haukupata insha yake humu. Msitu wa hapa unaungua chini karibu kila kiangazi, kwa mikono ya wafugaji wanaotaka majani mapya, warina asali, wawindaji, na watu ambao hawana sababu. Mosi inayojua kusubiri mvua haijajifunza kusubiri moto. Inapona palipo na jiwe, kivuli cha kichuguu, shina la mti mkubwa upande usiopigwa na jua. Kwa hiyo ukitaka ramani ya moto ya miaka iliyopita, unaweza kuitafuta kwa kutazama mosi imebaki wapi. Hiyo ni insha ambayo Kimmerer hangeweza kuiandika, na simlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba lugha yake mara nyingine inazungumza juu ya mosi zote za dunia huku ikitazama dirisha moja.

Tanzania tunao mfano uliofanyiwa kazi, na unastahili mwandishi. Tamás Pócs, mtaalamu wa mosi kutoka Hungaria aliyefundisha Morogoro, alipima katika milima ya Uluguru kiasi cha mimea inayoota juu ya miti mingine, sehemu kubwa ikiwa mosi na jamaa zake. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 ni ya kumfanya mtu akae chini. Katika msitu mfupi wa ukungu karibu na kilele, hekta moja ilibeba karibu tani 14 za mimea hiyo ikiwa imekaushwa. Katika msitu wa mvua wa chini zaidi, tani 2 na kidogo. Mimea hiyo ya juu inaweza kushika kiasi cha lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja, kisha ikayaachia polepole. Maji ya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonyweshea Dar es Salaam. Mtu wa Kimara anayekesha akisubiri bomba litoe maji ana uhusiano na mosi wa karibu kuliko Kimmerer na bustani yake, ila hakuna aliyemwambia, kwa sababu habari hiyo imelala katika jarida la kitaaluma la Hungaria, kwa Kiingereza, ndani ya majedwali.

Hapa nataka kusema jambo kwa kujitetea mapema. Kuna wasomaji wa gazeti hili watakaoona kwamba namdai mwandishi wa Marekani aandike juu ya Tanzania. Simdai hivyo. Nasema kwamba Pócs alikuwa na hoja isiyo na insha, na Kimmerer mara kadhaa ana insha iliyomaliza hoja yake kurasa mbili kabla ya kuisha. Ukisoma vyote viwili kwa pamoja, majedwali ya Pócs yanagusa moyo zaidi. Tani 14 zilizoning'inia kwenye matawi hazihitaji mtu azieleze zinatufundisha nini.

Kwa maana hilo ndilo kosa kubwa la Gathering Moss: karibu kila mosi humu ina zamu ya kuhubiri. Tetraphis ni mosi inayoweza kuzaa kwa njia mbili, kwa vichipukizi visivyohitaji jinsia au kwa spora baada ya kujamiiana, na huchagua kulingana na msongamano wa majirani zake. Kimmerer aliitafiti kwa miaka mingi na anaijua kama mfugaji anavyojua mifugo yake. Lakini utafiti unamletea jirani, na jirani analeta fundisho kuhusu uchaguzi wa binadamu, na nikifika hapo huwa naskia sauti ya mwalimu wa zamu mstarini. Najua, mimi pia ni mwalimu. Ndiyo maana naitambua.

Pale anapoacha kuhubiri anakuwa mwandishi wa ajabu. Kisa kifupi cha Splachnum ni mfano wangu. Mosi hii huota juu ya kinyesi tu, na spishi anayoieleza si juu ya kinyesi chochote: huchagua cha swala wa mkia mweupe kilichokaa kinamasini kwa wiki nne, mwezi Julai. Ikikomaa hutoa harufu ya uozo, inzi wanakuja, spora zenye kunata zinawashika miguuni, na inzi wanazipeleka kwenye kinyesi kipya. Kimmerer anaisimulia kwa uso mkavu kama bibi anayesimulia hadithi ya sungura, kisha anaondoka. Wanafunzi wangu walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Insha yenye thamani kubwa zaidi kwetu, hata hivyo, ni ile ya matumizi. Kimmerer alitaka kujua watu wake walitumia mosi kwa nini, akaenda kwenye maktaba kusoma kumbukumbu za wanaanthropolojia waliowaandika wenyeji wa Amerika. Hakupata kitu cha maana: kuziba nyufa za nyumba, kujaza viatu, mambo madogomadogo. Baadaye ndipo alipokuta kwamba mosi ilikuwa nepi ya watoto na pedi ya wanawake wakati wa hedhi. Aina ya Sphagnum hasa, ambayo hunyonya maji hadi mara 20 ya uzito wake ikiwa kavu, na ambayo Waingereza waliitumia kufungia majeraha katika Vita Kuu ya Kwanza. Na kwa nini haikuandikwa? Kwa sababu walioandika walikuwa wanaume, na hawakuuliza, au waliuliza wanaume wenzao.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Orodha za mimea ya dawa za kwetu nilizozisoma hupangwa kwa sehemu zinazotumika: mizizi, magome, majani. Mosi haina gome wala mzizi wa kuchimbwa. Fomu yenyewe ya swali inaweza kuwa imeifungia mlango. Chini ya mteremko wetu kuna chemchemi ambako mawe yote yamefunikwa na mosi laini, na ni wanawake wanaoteka maji pale kila siku. Nilimuuliza jirani yetu mmoja, mama wa makamo, majani yale yana kazi gani. Alicheka. “Ya kazi gani, mwalimu? Yanateleza tu, tunayasugua kwa mchanga mtu asianguke.” Dada yangu alipokwenda kuuliza swali hilohilo, mazungumzo yalichukua saa nzima, na mimi niliposogea nikaambiwa nijaze madumu niende nayo. Sitaandika walichoongea kwa kuwa sikuambiwa. Lakini tangu siku hiyo sijaamini sentensi yoyote inayosema kwamba mmea fulani hauna matumizi kwa watu wa mahali fulani bila kutaja nani aliuliza.

Kutoka hapo Kimmerer anapiga hatua moja ambayo siwezi kumfuata. Hoja yake ni kwamba kila mmea una zawadi, na watu waliokaa na mmea kwa muda mrefu wanaijua zawadi hiyo na wana wajibu nayo. Kwa mtu wa taifa lililonyang'anywa ardhi na lugha, hoja hiyo ina haki yote ya kusemwa, na ina uzito wa historia. Kwangu inakwama kwenye maneno “muda mrefu”. Baba yangu alifika Biharamulo kutoka upande wa Kahama akiwa na ng'ombe na redio. Nyantakara kuna Wasubi, Wahangaza, Waha, Wahaya, Wasukuma kama sisi, na watu ambao hupendi kuwauliza wametoka wapi. Wilaya jirani ya Ngara ilipokea Wanyarwanda wapatao 250,000 kupitia daraja la Rusumo ndani ya kama saa 24, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla haijawa na vyoo. Desemba 1996 wengi walirudishwa. Mwaka 2013, ilipopita operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita, suala la nani mwenyeji halikuwa la insha. Katika nchi ya namna hii, kusema kwamba anayeijua mimea ni yule ambaye babu zake walizikwa hapa ni kuwapa baadhi ya watu fimbo ambayo wameshaishika.

Ndiyo maana nasema insha ya mosi za mjini, ambayo wahakiki wengi huipita haraka kama kitu chepesi, ndiyo iliyo na faida kwetu. Bryum argenteum haijui mwenyeji. Imeletwa na nyayo, inaishi kwenye zege lililomwagwa juzi, inakula vumbi la malori yanayotoka Nyakanazi kwenda Rwanda na Burundi. Wataalamu wa mosi hawaiiti mvamizi wala mgeni. Wanasema tu kwamba ipo dunia nzima. Marekani wenye viwanja vya gofu huipigia dawa ya kuua magugu kwa sababu inaharibu sura ya nyasi zao. Kimmerer anaiandika kwa mapenzi yaleyale anayoiandikia mosi ya msitu wa kale, na katika kurasa hizo, bila kutaka, anaipinga insha yake mwenyewe. Ningependa angeuona mgongano huo na kuuacha wazi. Hakuuona, au aliuona akanyamaza.

Kuhusu kuotesha, kitabu kina kisa kimoja kikali. Tajiri mmoja, ambaye mwandishi hamtaji kwa jina, anamwita Kimmerer kumshauri jinsi ya kuotesha mosi kwenye bustani ya mawe ili ionekane imekuwepo karne nzima. Subira hana. Mwishowe mawe yenye mosi yanapasuliwa kwa baruti kutoka miambani na kusafirishwa hadi bustanini. Ni insha ya hasira, na ni nzuri kwa sababu Kimmerer alikuwa amelipwa. Kila mara anapomnyooshea kidole tajiri, mkono wake mwingine unashika hundi, na anajua. Sehemu nyingine za kitabu zingefaidika na aibu hiyo kidogo.

Sisi tulijaribu kwa gharama ndogo zaidi. Tulichukua kipande cha Bryum kinachotosha kizibo cha soda, tukakikausha, tukakifikicha kwa vidole na kukinyunyiza juu ya matofali ya kuchoma yaliyopakwa udongo, tukayaweka chini ya mwembe na kuyanyunyizia maji kila asubuhi. Wapo wakulima wa bustani huko ng'ambo wanaosaga mosi na maziwa ya mgando wakipaka ukutani, na wanafunzi wakasisitiza nasi tujaribu tofali moja la mtindi. Tofali la mtindi liliota ukungu mweupe, likanuka, likapata inzi wengi kuliko Splachnum. Yale ya maji matupu, baada ya kama miezi miwili, yalianza kuwa na nukta za kijani za ukubwa wa kichwa cha pini. Mwanafunzi mmoja ambaye kaka yake anafanya kazi ya uchimbaji aliuliza kama ingeota kwenye mchanga wa marudio, ule unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Ni swali halali katika wilaya yenye mgodi wa Tulawaka, ulioanza kuzalisha mwaka 2005 na kuchukuliwa na STAMICO mwaka 2013, na yenye mashimo ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Kimmerer ana insha inayolijibu kwa sehemu, kuhusu mabaki ya mgodi wa chuma kule New York, ambako zulia la mosi aina ya Polytrichum lilisaidia mbegu za miti kushika mahali ambapo mchanga mtupu uliziunguza. Nilimpa aisome mwenyewe kwa Kiingereza. Ilimchukua wiki moja na kamusi.

Na hapo tupo kwenye jambo linalonifanya nikirudie kitabu hiki pamoja na malalamiko yangu yote. Mwanafunzi wa hapa hujifunza mosi kwa Kiingereza, hukariri sehemu zake kwa Kiingereza, huchora mchoro aliounakili kutoka mchoro mwingine, na anaweza kupata alama zote bila kujua kwamba mmea huo uko kwenye kalvati analolivuka. Walioandika mosi za ukanda huu waliandika kwa Kijerumani, Kilatini na Kifaransa. Msafara wa Kijerumani wa mwaka 1907 hadi 1908, ulioanzia Bukoba kuelekea Rwanda ukiwa na mwanabotania Mildbraed, ulikusanya mosi zilizochambuliwa na Brotherus, ambaye mkusanyo wake mkubwa uko Helsinki. Mwaka 1975 De Sloover alitangaza mosi ndogo kutoka Rwanda, Physcomitrella magdalenae, jamaa wa karibu wa ile Physcomitrella patens iliyokuja kuwa mosi ya kwanza kusomwa jenomu yake yote, matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Ile ya maabara ilitokana na spora moja iliyookotwa katika msitu mdogo wa Gransden, Uingereza, mwaka 1962. Spora moja ya Gransden ina makala zisizohesabika. Jamaa yake wa Rwanda anajulikana na watu wachache mno. Sioni njama hapo, naona tu nani aliinama wapi, na akaandika kwa lugha gani.

Kwa hiyo ndiyo, ningependa Gathering Moss kitafsiriwe kwa Kiswahili, lakini si chote. Ningeacha insha ya shukrani ya msitu, ambayo ni sala iliyokwisha kusaliwa vizuri zaidi kwingine. Ningebakisha fizikia ya udogo, mosi za mjini, tajiri na mawe yake, mgodi, na ile ya matumizi ikiwa na dibaji ya mwanamke wa huku. Splachnum tumeshaianza sisi wenyewe, wanafunzi watano na mimi, jioni baada ya vipindi. Tuko ukurasa wa pili. Wavulana wanataka kuandika “kinyesi”, wasichana wawili wanasema hakuna mtu anayeongea hivyo nyumbani kwake na wanataka “mavi”, na mmoja anayetoka kwa wafugaji anasema kwa mnyama wa porini ni “samadi” endapo tu mtu ataitumia. Nimewaambia mosi inaitumia. Bado wanabishana.